Bibi alivyolisikia neno hiari

Juzi natafuta risiti ya maji kwenye kopo la biskuti la bibi (mnalijua lile kopo, halijawahi kuwa na biskuti hata siku moja) nikakuta karatasi yake ya chanjo ya UVIKO, imekunjwa mara nne, ya 2021. Nikaipiga picha nikamrushia mdogo wangu aliyeko San Francisco, tukaanza kuchekeshana mara tukawa tunabishana, mara bando limekata saa saba usiku na story haijaisha. Ndo naimalizia hapa.

Maana karatasi ile nusura isiwepo kabisa.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Mei 2020 nchi ikaacha kutoa takwimu, tukahamia kwenye kujifukiza na tangawizi na malimao, watu tunazika halafu tunasema nimonia. Julai 2021 ghafla zikaingia dozi milioni moja na ushee za Janssen kutoka Marekani kupitia COVAX, ule mpango wa dunia wa kugawia nchi chanjo, tarehe 28 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera, yaani mwananchi aliyeambiwa mwanzoni mwa mwaka kwamba chanjo hazifai, katikati ya mwaka huohuo anaambiwa njoo uchanjwe. Na kila tangazo, redioni, kwenye meseji, kwenye gari la spika lililopita huku kwetu Makorora, Tanga, lilikuwa halikosi neno moja: hiari.

Sasa bibi yangu ni Msambaa wa Lushoto. Kiswahili anakijua, ila cha sokoni na cha msibani, cha serikali hapana. Akaniuliza hiari ndo nini, nikamwambia ni kwamba ukitaka unachanjwa, usipotaka basi. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchicha wake, anatupa mabua huku, majani huku, nikajua yameisha. Ndo akasema, "Kumbe hata wenyewe hawana uhakika nayo. Dawa ya kweli mtu hakwambii ukitaka."

Nikamshawishi hivyohivyo tukaenda kituo kimoja, sikitaji. Tumekaa benchi masaa mawili, muuguzi akamsukumia fomu ya kuridhia bila hata kumtazama usoni, weka dole hapo mama. Kosa hilo. Mara ya mwisho bibi kuweka dole kwenye karatasi asiyoijua alipoteza nusu ya shamba la migomba kwa shemeji yake. Akainuka, akajifunga khanga vizuri, akatoka. Kwenye bajaji hakuongea na mimi mpaka tumefika, na mi nikamwita mbishi, nikasema wazee ndo hivyo, elimu ndogo.

Aliyenifunga mdomo ni mdogo wangu. Yeye anaosha vyombo kwenye mgahawa, amepanga Mission, mtaa wa watu wa Mexico, Guatemala, El Salvador, Kihispania juu mpaka chini. Akaniambia dada, huku nako ni hayohayo. Aprili 2020 madaktari wa chuo cha UCSF pamoja na kikundi cha Walatino wa hapohapo walipima maelfu ya watu kwenye eneo dogo tu la Mission, na kati ya waliokutwa na virusi asilimia 95 walikuwa Walatino, wakati kwenye waliopimwa hata nusu hawafiki. Asilimia 90 ya hao wenye virusi kazi zao huwezi kuzifanya ukiwa nyumbani. Sahani haioshwi kwa Zoom jamani.

Halafu chanjo zilipokuja, kupata nafasi ni mpaka ujiandikishe onlaini, ukae unarefresh, na anayeweza kukaa anarefresh saa nne asubuhi si mpishi. Hapo bado woga wa makaratasi. Kulikuwa na sheria kwamba mgeni anayetegemea misaada ya serikali anaweza kunyimwa green card, kile kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, serikali ikasema chanjo haihesabiwi humo, lakini we ungekuwa huna karatasi ungeenda kujaribu kama wanasema kweli?

Ila kilichoniua ni cha Virginia. Tovuti ya idara ya afya ya jimbo Januari 2021 ilikuwa inatafsiriwa na mashine, Kiingereza kilisema chanjo si ya lazima, mashine ikageuza kwa Kihispania ikawa chanjo haina haja. Si ndo bibi kabisa yule! Tofauti ni kwamba bibi hakuhitaji mashine, neno lilitoka sahihi redioni likafika kwake limeshageuka, na mi mwenye diploma nilikuwa nimekaa pembeni yake namwona mjinga.

Pale Mission walichofanya, Februari 2021 wakafungua sehemu ya kuchanjia nje, hewani, karibu na stesheni ya treni ya mtaa wa 24. Wahudumu ni watu wa mtaa huohuo, wanaongea Kihispania, hawakuulizi bima wala uraia, na ukishachomwa wanakuomba ukamlete na mwenzio. Mdogo wangu alikuwa anaishi chumba kimoja na jamaa wa Yucatán, huko Mexico, ambaye lugha yake ni Kimaya, Kihispania chake ni kama Kiswahili cha bibi, mabango yote alikuwa anayapita tu. Alienda kwa sababu binamu yake alimwambia kwa Kimaya twende.

Na bibi je? Kuna mama anauza karoti na kabichi pale sokoni Mgandini, wa Lushoto mwenzake, huwa wanaanzaga na onga mshi, salamu ya Kisambaa, halafu ni nusu saa mi nimesimama na kikapu. Siku hiyo yule mama akapandisha mkono wa gauni akamwonyesha bega, wakaongea Kisambaa wee, mi nimeambulia tu kwamba mkono uliuma siku mbili, ya tatu akapakua magunia. Jioni bibi ananiambia kesho unanipeleka, kama vile ni mimi niliyekuwa nakataa.

Tukaenda kwingine, na mama karoti tukaenda naye. Fomu ilipokuja bibi akauliza hii haihusu shamba? Akaelezwa, akaweka dole. Baada ya sindano akauliza arudi lini, wakamwambia bibi umemaliza, hii ni moja tu. Hakuamini. Wiki mbili baadaye nimemkuta kavaa khanga mpya, karatasi mkononi, ananisubiri mlangoni nimrudishe akaulize kama hawakumpunja.