Chakula cha Mchana Bouillon Chartier

Mkahawa wa Bouillon Chartier, ulioko katika mtaa wa Faubourg Montmartre jijini Paris, umekuwa ukilisha watu tangu mwaka 1896, na neno bouillon lenyewe maana yake ni supu, kwa kuwa mikahawa ya aina hii ilianza kwa kuwauzia wafanyakazi supu ya nyama kwa bei nafuu. Nilipofika, foleni ilikuwa imekwisha kujaa uani. Hakuna aliyeniuliza kama ningependa meza ya peke yangu. Nilioneshwa kiti mkabala na mzee mmoja aliyekuwa akifuta mchuzi sahanini kwa kipande cha mkate, nikamsalimu, akaitikia kwa kichwa, akanisogezea kikapu cha mkate.

Nyama ya ng'ombe niliiacha, maana hupikwa kwa mvinyo mwekundu, nikaagiza kuku wa kuokwa na chipsi. Ngozi yake ilikuwa kavu na yenye chumvi, nyama ya ndani ikitoa maji, na haradali waliyoniletea ilinipanda puani hata mzee akacheka. Maji ya bomba huletwa kwa jagi bila malipo, ila sharti uyaombe.

Kilichonifurahisha zaidi ni hesabu. Mhudumu, aliyevaa kizibao cheusi na aproni nyeupe, aliinama, akaandika bei zote kwa kalamu juu ya karatasi iliyotandikwa mezani, akajumlisha kichwani, akapigia mstari jumla yake. Nilikichana kipande hicho, chenye doa la mchuzi pembeni, nikakitia mfukoni.