Waliobaki Kijito cha Besori

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii moyo wangu umekuwa mzito. Wengi mnajua kwamba nilichanika msuli wa nyuma ya paja muda mfupi tu baada ya kujiunga na timu mpya ya alitimeti frisbi, mchezo wa timu wa kurushiana kisahani, hapa Minneapolis. Naruhusiwa kukimbia polepole. Kutimka na kugeuka ghafla bado. Na mchezo wenyewe ndio huo. Mwenye kisahani haruhusiwi kukimbia nacho, na anayemkaba anamhesabia hadi 10 awe amekirusha. Wenzake sita ndio wa kuhangaika.

Tena timu hii inashambulia kwa namna nisiyoizoea. Nilikotoka tulijipanga mstari mmoja katikati ya uwanja, tukachomoka kwa zamu kwenda pembeni. Hawa wanaweka watatu nyuma, halafu wanne wanatawanyika mbele kwa upana wote wa uwanja. Wawili wakikimbilia sehemu moja, wameshazibana. Kwa hiyo mara nyingi unakimbia ili umwondoe beki njiani, na kisahani kinamwendea mwenzio. Nimeyaelewa yote haya nikiwa nje ya mstari, na hapo ndipo uchungu uliponishika, kwa sababu wenzangu wanazidi kuzoeana bila mimi.

Nilikuwa nimeandaa Isaya 40, habari za wamngojeao Bwana. Itasubiri. Tangu Jumatatu nimeshindwa kutoka kwenye 1 Samweli 30.

Siklagi, mji walikokaa Daudi na watu wake, imechomwa, wake na watoto wametekwa na Waamaleki. Daudi anafuata na watu 600. Wakifika kijito cha Besori, 200 wanashindwa kuvuka kwa uchovu, wanabaki na vyombo, yaani mizigo ya wote. Wale 400 wanaporudi na nyara, waovu miongoni mwao wanasema hawa wapewe wake na watoto wao tu, waende zao. Daudi anakataa. Fungu la aliyebaki na vyombo ni sawa na la aliyeshuka vitani, na jambo hilo likawa amri katika Israeli.

Lakini someni mstari wa 21 taratibu. Kabla ya ubishi wowote wa mafungu, Daudi aliwakaribia wale 200 akawasalimu. Hao nao walikuwa wamepoteza wake zao. Hao nao walilia Siklagi mpaka nguvu za kulia zikawaishia. Mfalme mtarajiwa ametoka vitani na vumbi lake, na anaanza kwa kuwajulia hali.

Sasa niulize, wapendwa, na naomba mnivumilie: sisi tunamsalimu nani? Mama wa kwaya akianza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, jina lake linatoka kwenye ratiba kimyakimya. Kijana akipata zamu za usiku, miezi miwili baadaye tunasema amepoa kiroho. Nani alimpigia simu? Tunawashangilia wanaosimama mbele, na waliochoka kijitoni tunawahesabu kama waliorudi nyuma. Hiyo ni roho ya wale waovu wa Besori, hata tukiivika lugha ya huduma. Tuiache!

Na wewe uliyebaki Besori leo, mwili umekukatalia, au kazi, au msiba: kaa penye vyombo kama mtu mwenye fungu. Nahodha wetu alinipa kazi ya kusimama pembeni na kupaza sauti. Anayemkaba mrushaji ameupa uwanja mgongo, hamwoni anayechomoka nyuma yake. Mimi namwona. Nikipaza sauti, mkabaji anausogeza mkono upande ule na njia inafungwa. Ndugu, kuna mtu vitani asiyeona nyuma yake wiki hii, na wewe, hapo kitandani, una nafasi ya kumwombea kwa jina.

Viongozi wa vikundi, kabla ya Jumapili naomba majina ya wote ambao hatujawaona tangu mwezi uliopita. Tutagawana, tuwatembelee wawili wawili. Mimi nipeni wanaokaa karibu. Kuendesha gari naweza.