Pa kufunga redio koli kwenye kigari kisicho na nafasi

Nilinunua redio kwanza, ndipo nikaanza kutafuta pa kuifunga. Kwenye gari kubwa hilo si kosa. Kwenye kigari cha milango miwili, ambacho mkipanda watatu begi lazima lipakatwe, lilikuwa kosa la wiki tatu na matundu mawili ya skrubu kwenye plastiki, ambayo mpaka leo nimeyaziba kwa vizibo vya mpira.

Kabla ya hapo nilikuwa na redio ya mkononi ya wati 5. Tukiwa msafara wa magari manne kwenye njia mbovu, ilinitosha kuongea na gari lililo mbele yangu na si zaidi. Kile kiantena kifupi kimezungukwa na bati pande zote, kwa hiyo tukikata kona mbili za mlima, mwenzetu wa mwisho hanisikii tena. Halafu haikai mahali. Kila tukitumbukia kwenye shimo inaporomoka chini ya kiti, inabaki kuniita kutoka miguuni wakati mikono yote miwili iko kwenye usukani.

Redio mpya ni ya VHF (mkanda mmojawapo wa mawimbi ya redio), wati 50, unene na upana wake kama kitabu kikubwa. Leseni nilikuwa nayo. Redio ya namna hii si ya kuwasha tu na kuanza kuongea.

Nikazunguka ndani ya gari na tepu ya kupimia. Tundu la dashibodi lina redio ya muziki. Kisanduku cha mbele ya abiria kinaitosha, ila ukifunga mlango wake huoni namba, na joto halina pa kutokea. Joto si jambo dogo: ukibonyeza maiki kwa wati 50 inavuta ampea 10 na zaidi, na zaidi ya nusu ya umeme huo haifiki kwenye antena, inabaki kuchemsha bati la redio. Chini ya dashibodi upande wa abiria kuna nafasi, mpaka abiria akae. Juu ya dashibodi upande huo ndipo unapofumukia mfuko wa hewa wa usalama, na kitu chochote kikifungwa hapo siku ya ajali kitarushwa usoni mwa mtu. Hapo sikupafikiria mara ya pili.

Ikabaki katikati ya viti, kati ya fimbo ya gia na breki ya mkono. Nikatoboa, nikafunga, nikaona nimemaliza. Kwa siku nne za barabara ya kawaida ilipendeza. Siku ya tano tulikuwa tunapanda mteremko wa mawe, nikasimama ili niingize foo wili ya gia nzito. Fimbo yake ndogo ikarudi nusu ikakwama. Nikasukuma, haiendi. Gari liko katikati ya gia mbili, yaani halina gia yoyote, na mguu wangu umeganda kwenye breki. Nikainama kutazama: ule waya wa maiki uliojikunja kama springi ulikuwa umejizungusha kwenye fimbo mara mbili na kujibana kwenye ukingo wa redio. Niliufungua kwa mkono mmoja kama mtu anayefungua kamba ya mbuzi gizani. Jioni ile ile nikaing'oa.

Hapo ndipo nilipojua nilichokosea. Nilikuwa natafuta mahali patupu, na katika gari dogo mahali panapoonekana patupu pameachwa kwa ajili ya kiwiko, goti, au fimbo inayorudi nyuma.

Nikachukua boksi gumu, nikalikata kwa vipimo vya redio, pamoja na sentimita 4 nyuma kwa ajili ya plagi (watu wengi huzisahau hizo, nami nilizisahau), nikaanza kulibandika kwa gundi ya karatasi na kuendesha. Siku moja hapa, siku moja pale. Boksi halina aibu ya kusema ukweli. Karibu na klachi lilirudi limebonyea kwa kiatu. Chini ya kiti cha abiria nilidhani nimepata, mpaka mtu akataka kupanda nyuma. Kiti kikalala mbele kama kawaida ya magari ya milango miwili, na reli yake ikalikunja boksi kama karatasi. Isitoshe, chini ya kiti ndiko maji huingia kwanza ukivuka kijito.

Kilichoniokoa ni kwamba redio yenyewe inagawanyika. Uso wake, wenye vitufe na kioo cha namba, unatoka na kuunganishwa na kiwiliwili kwa waya. Kama hujanunua bado, nunua ya namna hiyo hata kama itakubidi usubiri. Kiwiliwili nikakifunga nyuma kabisa, ubavuni juu ya tao la gurudumu, hewa inapita na maji hayafiki. Uso ni mwembamba kama kiganja. Nikaondoa kisahani cha majivu ya sigara, kwa kuwa humu havuti mtu, nikakunja kibati kidogo na kukifunga kwa skrubu zile zile za kisahani. Hakuna tundu jipya. Uso umeinama kidogo kunielekea, na naweza kuhesabu milio ya kinobu cha chaneli bila kutazama.

Maiki nilianza kuitundika darini ili waya ushuke wima mbali na fimbo. Wazo zuri, ila kwenye mashimo ilinigonga kwenye paji la uso mara mbili, nikaishusha. Sasa imeshikwa na sumaku ubavuni mwa dashibodi, juu ya uso wa redio, na waya wake unaning'inia mfupi usiofika kwenye gia.

Umeme sikuuchukua kwenye tundu la kiberiti. Nilijaribu: kwa wati 5 ilifanya kazi, nikipandisha hadi 50 redio ilizimika na kujiwasha upya kila nikibonyeza maiki. Waya za tundu lile ni nyembamba mno. Nikavuta waya nene moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi ikiwa shubiri moja tu kutoka betrini, ili waya ukikwaruzika na kugusa bati popote njiani, fyuzi ikatike kabla waya haujawaka. Pale waya unapopenya bati la injini nimeweka pete ya mpira. Bati lile hukata kama kisu.

Spika ya redio ilikuwa imeenda nyuma pamoja na kiwiliwili, ikiongea na gurudumu la akiba. Spika ndogo ya nje nyuma ya kichwa changu ikamaliza hilo.

Antena ni ya nusu mita. Katikati ya paa ndiko inakofanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu inazungukwa na bati sawasawa kila upande, lakini matawi yangeing'oa, hivyo iko kwenye bawaba ya boneti. Kipimo cha mawimbi yanayorudi kwenye redio badala ya kutoka antenani kilisoma 3 (kizuri ni karibu na 1), nikashika kichwa. Kumbe kishikio kilikuwa kimekaa juu ya rangi, hakigusani na bati. Nikakwangua mpaka bati likang'aa, nikakaza tena, kikashuka hadi 1.4.

Lile boksi sikulitupa. Mwenzangu anayekaa mwisho wa msafara ameliazima, ana siku ya tatu sasa anatembea nalo, na limeshahama mara mbili.