Mashindano yetu hayakuanza siku lami ilipopakwa buluu

Nimerudi nyumbani wiki tatu zilizopita baada ya miaka 16. Mabegi yalikuwa bado hayajafunguliwa nilipotoa raketi ya tenisi nikashika njia ya viwanjani, kwa sababu miaka yote hiyo, kila nilipowaza nyumbani, kilichonijia kwanza hakikuwa nyumba. Ilikuwa ile lami. Viwanja vinne, uzio wa waya uliotoboka nyuma ya kiwanja cha tatu, na mlio wa mpira alfajiri kabla jua halijaipasha sakafu joto. Mliokuwepo mnajua. Mnaukumbuka ufa wa kiwanja cha pili, ule uliotoka kwenye nguzo ya wavu ukaenda hadi kona ya kushoto. Mnakumbuka wageni walivyolalamika mpira ukiangukia pale na kupinda, huku sisi tumeshasogea kule unakopindia.

Nimekuta buluu. Ndani ya mistari buluu, nje kijani, ufa hata mmoja haupo, wavu umekazwa barabara, na usiku kuna taa. Viwanja viwili vimechorwa mistari ya ziada ya pikiboli, ule mchezo wa vibao na mpira wa plastiki wenye matundu, ndani ya ile ya tenisi. Nilisimama nikafurahi, nasema kweli, maana tulilia miaka mingi tupate sakafu kama ile. Halafu nikaliona bango la mashindano ya mji, yale yaliyo wazi kwa kila mkazi, na chini ya jina limeandikwa: Toleo la 6.

Nilidhani mchapaji ameangusha tarakimu. Nikaenda kwenye meza ya kujiandikisha, nikamwambia kijana aliyekaa pale kwamba namba imekosewa, kwamba mimi peke yangu nimeyacheza mashindano haya miaka tisa mfululizo, na kabla yangu kaka yangu, na kabla ya kaka yangu wale waliotufundisha kushika raketi. Akanisikiliza kwa adabu hadi nikamaliza. Akasema, "Hayo yalikuwa mengine, mzee. Haya yalianza tulipopata viwanja."

Tulipopata viwanja! Na sisi tulikuwa tunachezea wapi?

Kijana simlaumu, ameambiwa hivyo na ameamini. Lakini tangu siku ile nimewatafuta wanakamati wa mashindano mmoja mmoja, na kila mmoja amenipa sababu. Zikikusanywa ni tatu, na nimezibeba nyumbani kila jioni nikizigeuzageuza. Naomba nizijibu hapa, mbele ya watu wanaolijua jambo hili.

Ya kwanza ni sakafu. Wanasema zamani ilikuwa lami tupu, sasa ni kiwanja kigumu cha kisasa, kwa hiyo ni mashindano mengine. Hebu tuulizane kiwanja kigumu ni nini. Ni kokoto zilizoshindiliwa, juu yake lami au zege, juu yake tabaka za rangi ya akriliki iliyochanganywa na mchanga laini. Mchanga ukizidi, mpira unashikwa na kupunguza mwendo. Ukipungua, au ukisuguliwa na viatu kwa miaka, mpira unateleza kwa kasi. Chini ya buluu ile kuna lami. Kipimo ni kilekile, mita 23.77 kwa urefu na mita 8.23 kwa upana wa mchezo wa mmoja mmoja. Wavu katikati ni sentimita 91 kama ulivyokuwa tulipoupimia kwa raketi mbili. Kilichoongezwa ni rangi na mchanga.

Na hata kama wangeng'oa kila kitu, bado. Mashindano ya tenisi ya Marekani, yanayoitwa leo US Open, yalianza mwaka 1881 huko Newport, kwenye majani. Mwaka 1915 yakahamia Forest Hills, New York, bado kwenye majani. Mwaka 1975 majani yakaondolewa, ikawekwa sakafu ya udongo, miaka mitatu tu. Mwaka 1978 yakahama tena, safari hii hadi Flushing Meadows, ndani ya bustani ya umma, na hapo ndipo yakawa ya kiwanja kigumu. Ile buluu tunayoiiga sote ilikuja mwaka 2005. Jimmy Connors alishinda kwenye majani mwaka 1974, kwenye udongo mwaka 1976, na kwenye kiwanja kigumu mwaka 1978. Hajatokea mtu wa kumwambia kwamba ameshinda mashindano matatu tofauti. Wanamwita bingwa mara tano wa mashindano mamoja, kwa kuwa alirudi akashinda tena 1982 na 1983, na hesabu ya mashindano yenyewe bado inaanzia 1881.

Australia nao vilevile. Yao yalianza mwaka 1905, yakachezwa kwenye majani miaka zaidi ya 80, na katika miaka ya mwanzo yalivuka bahari mara mbili yakachezwa New Zealand. Mwaka 1988 yakatoka viwanja vya Kooyong kwenda vya Flinders Park, mjini Melbourne kwote, na kuwa ya kiwanja kigumu. Mats Wilander aliyeshinda mwaka huo alikuwa ameshashinda mara mbili kwenye majani, na vikombe vyote vitatu vinahesabiwa pamoja.

Tena hilo jina "kiwanja kigumu" lenyewe si la kujivunia kiasi hicho. Mwaka 1968, wachezaji wa kulipwa waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na wa ridhaa, ilikuwa Bournemouth, Uingereza, kwenye mashindano ya taifa ya viwanja vigumu. Ken Rosewall alimshinda Rod Laver fainali. Viwanja vile vilikuwa vya udongo mwekundu! Kwa Waingereza wa wakati ule, chochote kisichokuwa majani kiliitwa kigumu. Sakafu hubadilika na maana ya jina lake pia hubadilika, na mashindano yanaendelea kuwa yaleyale.

Sababu ya pili ni ile miaka ambayo hayakuchezwa. Ni kweli, ilikuwepo. Viwanja vilifungwa, uzio ukaanguka, watu wakatawanyika, nami nilikuwa mmoja wa waliotawanyika. Hili linaniuma, maana waliobaki wana haki ya kuniuliza nilikuwa wapi. Lakini jibu lake ni rahisi. Mashindano ya Wimbledon, yale makubwa ya Uingereza, yalianza 1877. Vita vya kwanza vya dunia viliyasimamisha tangu 1915 hadi 1918, vya pili tangu 1940 hadi 1945, kisha 2020 yakafutwa kwa sababu ya korona. Jumla miaka 11. Mwaka 2025 yaliitwa ya 138. Chukua kalamu upige hesabu: walitoa miaka isiyochezwa, basi. Hawakurudi kwenye moja baada ya vita. Australia hawakuwa na mashindano kabisa mwaka 1986, kwa sababu tu walihamisha tarehe kutoka Desemba hadi Januari, na waliporudi 1987 waliendelea na hesabu palepale walipoishia.

Sababu ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi, kwa sababu siwezi kuijibu kwa mifano ya Wimbledon. Wanasema: leta kumbukumbu.

Mnaukumbuka ubao. Ulitundikwa ukutani kwenye stoo ya nyavu, mbao za rangi ya maziwa, majina ya wanaume upande wa kushoto na wanawake upande wa kulia, yote yameandikwa kwa brashi na mtu mmoja, ndiyo maana herufi zilifanana miaka yote hadi mkono wake ulipoanza kutetemeka na herufi nazo zikatetemeka. Watoto tulijifunzia kusoma pale. Stoo ilipovunjwa kupisha taa, ubao ulishushwa. Nimeuliza kila mtu ulikopelekwa. Mmoja ananiambia ulikatwa ukawa rafu, mwingine anasema uliegemezwa nje mvua ikaula. Hakuna aliyedhamiria kuuharibu, na hilo ndilo linalonisumbua. Kama angekuwepo adui ningegombana naye. Kumbe ulikuwa ubao tu machoni mwa watu waliokuwa na kazi ya kumaliza.

Na droo zetu, zile orodha za nani anacheza na nani? Ziliandikwa kwa maka peni kwenye karatasi za manila, zikafungwa kwenye uzio kwa kamba za viatu. Kila mshindi alienda mwenyewe kujaza jina lake kwenye mstari unaofuata, huku aliyeshindwa akishuhudia. Hiyo ndiyo ilikuwa saini. Fainali ikiisha, karatasi ilibaki pale hadi jua na mvua viifute. Tulidhani kila mtu atakumbuka, na kwa muda mrefu kweli kila mtu alikumbuka.

Mwanakamati mmoja, kwa nia njema kabisa, alinifariji akasema nisijali, "yale yalikuwa ya mtaani tu." Nilishindwa kumjibu pale pale. Namjibu sasa. Pancho Gonzales alijifunza mwenyewe kwenye viwanja vya umma vya Exposition Park, Los Angeles, akawa bingwa wa Marekani 1948 na 1949. Arthur Ashe alikulia ndani ya bustani ya Brook Field, Richmond, bustani ya Weusi peke yao enzi za ubaguzi, ambako baba yake alikuwa mlinzi. Akashinda mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1968. Billie Jean King alifundishwa bure kwenye bustani za umma za Long Beach. Venus na Serena Williams walianzia viwanja vya umma vya Compton. Leo kituo chote cha Flushing Meadows kinaitwa kwa jina la King, na uwanja wake mkubwa kuliko yote umekuwa na jina la Ashe tangu 1997. Na Dwight Davis, yuleyule aliyetoa Kombe la Davis, linaloshindaniwa na timu za mataifa, mwaka 1900, alipokuwa msimamizi wa bustani za St. Louis aliwajengea wananchi viwanja vya tenisi, na mwaka 1923 Wamarekani wakaanzisha mashindano ya taifa ya wachezaji wa bustani za umma. Kwa hiyo neno "mtaani" lisitumike kama tusi mbele yangu. Kiwanja ambacho mtoto anaingia bila kadi ya uanachama ndicho kimeutoa mchezo huu mikononi mwa wachache.

Kwa wenzangu mnaopanga kurudi na raketi zenu, machache niliyoyalipia kwa magoti. Jiandikisheni kwa simu kabla hamjapanda ndege. Siku hizi haitoshi kufika mapema na kuweka raketi kwenye foleni chini ya uzio. Chezeni angalau wiki nzima kabla ya mechi ya kwanza. Lami yetu ilikuwa imesuguliwa ikawa laini, na ule mkato wa chini, mpigo wa kuukata mpira kwa raketi iliyolala, tuliokuwa tunaua nao watu uliteleza chinichini. Kwenye sakafu hii mpya mchanga unaushika, mpira unainuka hadi kiunoni na kijana anaupiga kwa raha yake. Njooni na viatu vya soli ngumu. Ombeni kiwanja cha kwanza au cha nne, kisicho na mistari ya pikiboli, maana jicho la mtu aliyezoea mistari myeupe peke yake hudanganyika jioni. Na msianze sentensi kwa "zamani". Nimeona nyuso zinavyofunga. Anzeni kwa kucheza, wakishakuheshimu watakuuliza wenyewe.

Kuna kijana wa miaka 14 aliyeniuliza. Alitaka kujua kwa nini nasimama upande wa kushoto kidogo ninapopokea kwenye kiwanja cha pili. Nikamwonyesha kwa kidole ufa ulipokuwa unapita chini ya buluu. Akapiga magoti akaupapasa.

Sasa kazi. Katika albamu ya dada yangu nimepata picha moja ya siku ya fainali. Tumejipanga mbele ya stoo, na nyuma ya mabega yetu ubao unaonekana. Kwa kioo cha kukuza nimesoma majina 11 ya wanaume na 7 ya wanawake. Mengine yamezibwa na vichwa vyetu. Mzee aliyekuwa anashika funguo yupo hai, macho yamepungua lakini kumbukumbu haijapungua: nikimtajia bingwa, ananiambia aliyemfunga ni nani na nani kati yao alikuwa anatazamana na jua. Nimekaa naye Jumamosi mbili. Wanakamati wamekubali kwamba nikileta orodha inayoeleweka, wataijadili kabla bango la mwakani halijachapwa.

Kwa hiyo fungueni masanduku yenu. Nataka picha yoyote iliyopigwa mbele ya stoo, hata kama ni ya harusi. Nataka kikombe chenye mwaka uliochongwa, hata kama kimevunjika mkono. Zaidi nataka upande wa kulia wa ubao, wa wanawake, kwa sababu vichwa vilivyosimama mbele yake ni vingi na mzee wa funguo alikuwa akizitazama zaidi mechi za wanaume. Dada zetu mliocheza, andikeni wenyewe mlichoshinda. Na walioshindwa pia waandikwe, kwa sababu mshindi hakucheza na ukuta. Yangu naitanguliza: nusu fainali, kiwanja cha pili, nilifungwa 6-4, 3-6, 7-5, na mpira wa mwisho uliangukia kwenye ufa.