Pembe Iliyobaki Kituo cha Sita

Reli inayokata Jangwa la Nubia, kutoka Wadi Halfa hadi Abu Hamad, vituo vyake huitwa kwa namba. Mimi nilikuwa naelekea Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita, na neno hilo la mwisho Mswahili hahitaji kutafsiriwa.

Alfajiri ya tarehe 7 Oktoba 2008, jiwe la upana wa mita 4 hivi, lililotoka anga za mbali, lilipasukia angani huko, kilomita 37 juu ya mchanga. Darubini ya Arizona ilikuwa imelinasa yapata saa 20 kabla. Hapo nyuma hapakuwahi kuonekana jiwe likiwa bado nje ya hewa ya Dunia, kisha watu wakaenda kuokota vipande vyake. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum walianza kazi hiyo Desemba ileile.

Tulijipanga mstari mmoja, macho chini. Jangwani kila jiwe jeusi linakuita. Mara tano nilipiga kelele, mara tano ikawa bure, mpaka wenzangu wakaacha kugeuka.

Mara ya sita kilikuwa chenyewe. Kidogo kama kidole gumba, upande mmoja una gamba jeusi la kuungua, upande mwingine umevunjika, wa kijivu. Hatua chache mbele kikalala kingine. Mwanafunzi aliyekuwa kuliani kwangu akavishika kwa glavu, akavizungusha mara moja, mara mbili. Mara ya tatu vikaingiana. Pa kupenyeza ukucha hapakuwapo, na gamba la nje likapita juu ya ufa kana kwamba halikukatika kamwe.

Akanionyesha nyuso za ndani: hazikuungua. Basi lilivunjika moto ukiwa umeshazimika, huenda kwa kugonga changarawe. Lingepasuka juu zaidi, nyuso hizo nazo zingeota gamba.

Bahati hiyo si ya kila kipande. Vingi vya huko ni yureiliti, jiwe lenye almasi zisizoonekana kwa macho, lakini vingine ni mawe ya aina tofauti kabisa, ingawa vyote vilishuka pamoja. Kuvilazimisha vikae ni kama kuziba chungu kwa kigae cha sahani.

Chetu kilikosa pembe moja, ndogo kama punje ya mahindi. Tulipiga magoti tukachambua changarawe kwa vidole, dereva akipiga honi, jua likizama. Hatukuiona. Mwanafunzi akavifunga vile viwili kwenye karatasi ya aluminiamu, akaandika mahali tulipovikuta, tukapanda gari.