Hawa Wamenuniana

Mama alikuja Paris kunitembelea mara moja tu, na siku ya tatu tulikuwa hatusemezani. Alikuwa amekaanga papa mkavu aliyetoka naye Pemba, jirani akagonga mlango kulalamikia harufu, nami nikamtolea mama maneno ambayo mpaka leo nayaonea haya.

Kwa kukosa la kufanya, nikampeleka Musée d'Orsay, jumba la makumbusho ya sanaa. Jengo lile zamani lilikuwa stesheni ya treni, na saa yake kubwa bado iko. Mama aliitazama saa ile kuliko masanamu yote ya ukumbini. Picha alizipita kama apitaye maduka ya viatu hali anatafuta chumvi.

Kisha akasimama. Ilikuwa picha ya Wanawake wa Tahiti, aliyoichora Mfaransa Paul Gauguin mwaka 1891, mwaka ule ule aliofika Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki. Si kubwa, upana wake haufiki mita moja. Wanawake wawili wameketi mchangani, wamebanana hadi bahari imebakiwa na ukanda mwembamba nyuma yao. Wa kushoto kajifunga kitambaa chekundu cha maua meupe, kaegemea mkono, macho chini. Wa kulia kavaa gauni la waridi lililofunga mpaka shingoni, vazi la kimisionari, na mkononi ana majani ya kusukia.

"Kanga hii haina jina," mama akasema. Neno la kwanza tangu asubuhi. "Wala pindo."

Nikamweleza kuwa vitambaa vile vilichapwa Ulaya vikapelekwa kwa meli, kama kanga za bibi yake. Hakunijali. Mama kasuka ukili tangu hajavunja ungo, na macho yake yalikuwa kwenye mikono ya yule wa kulia.

"Huyu hasuki, kashika tu. Hawa wamenuniana. Na huyo aliyewakalisha hapa wala hakuwauliza wana nini."

Sikumwambia kuwa mchoraji huyo, mtu wa miaka 43, alijitwalia huko binti anayekadiriwa kuwa na miaka 13. Pengine ningemwambia. Lakini alishakaa kwenye benchi, vidole vyake vikipitisha kamba za mkoba, huu juu, huu chini. Nikakaa kando yake.

"Yule papa," akasema baada ya muda mrefu, "vimebaki vipande vinne."

Tulivikaanga jioni ile ile, madirisha yote wazi.