Siku mjomba alipokuja Mlimani akakuta chura ana kiyoyozi

Nilikuwa mwaka wa tatu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, bumu la mkopo limekata na jingine halijatoka, watu tunaishi kwa chai na chapati, ndipo nikasikia wanatafuta wanafunzi wa kuelekeza wageni kwenye wiki ya utafiti. Kazi yenyewe unavalishwa tisheti, unasimama kwenye maturubai, mgeni akitokea unamwambia uhandisi kule, mambo ya bahari huku, choo nyuma ya lile jengo. Posho ipo na msosi wa mchana upo. Nikajiandikisha saa hiyo hiyo.

Sasa siku ya pili nipo zangu kazini simu inaita, mjomba. Katoka Mlimba, Morogoro, na treni ya Tazara, kaja mjini kufuatilia hela yake ya mpunga, na kwa sababu mama alimwambia mpwa wako yuko chuo basi kaona apite anione, na hapo anaponipigia yuko ndani ya daladala ya Chuo anauliza ashukie wapi. Nikamwambia shuka Utawala mjomba, nisubiri hapo hapo usiende popote. Nikamkuta kasimama na kibegi chake na kiroba cha mchele, koti juu, jua lote lile la Dar! Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, wote wazima, halafu ikabidi nimwambie ukweli kwamba siwezi kuondoka mpaka jioni. Akasema haina shida, nitakaa na wewe.

Kukaa gani. Mjomba ni mtu wa kuuliza. Kiroba tukakiweka chini ya meza ya mapokezi, akaanza kupita meza moja moja na mimi nyuma yake, ikawa kama namwelekeza mgeni rasmi.

Na hapo lazima niseme, miaka yote ile nimesoma Mlimani nilikuwa najua njia ya bweni, vimbweta, maktaba, kafteria na darasa la sosholojia. Basi. Kwamba kuna mtu hatua chache kutoka ninapobukulia madesa anahangaika na kitu kingine kabisa sikuwahi kuwaza. Kila mtu pale ana supavaiza wake, data zake na stresi zake, na chuo kilivyo kikubwa unaweza ukamaliza digrii hujui jirani yako anatafuta nini. Tena wengine hata hawakai Dar, maana meza ya kwanza mjomba aliyokwama ilikuwa ya watu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambao ni wa chuo hiki hiki ila wako Zanzibar.

Hao walikuwa na mwani. Mkavu, umerundikwa kwenye beseni, unanuka chumvi. Mjomba akaushika akauvuta, akauliza mboga hii? Dada wa pale akamweleza vizuri tu, kilimo chake kilianza kushika Zanzibar mwaka 1989, wanaolima wengi ni akina mama, kuna aina mbili, spinosam na kotonii, ya pili ndiyo yenye bei ila maji ya kina kifupi yakipata joto inaugua na kufa, ndiyo maana wanajaribu kuipeleka maji ya kina kirefu ndani ya nyavu za mviringo. Mjomba akatikisa kichwa, "Yaani kama mpunga. Ule mzuri ndiyo unaodeka." Akapewa kipande cha sabuni ya mwani bure, akakitia mfukoni kwenye koti.

Meza za uhandisi hatukukaa sana. Kulikuwa na vijana wana kifaa cha kupima unyevu shambani kinatuma meseji, mjomba akauliza kikiharibika Mlimba nani anatengeneza, wakatazamana, tukasonga mbele.

Akiolojia sasa. Kwenye meza kuna vigae vya vyungu, vipande vya mabomba ya udongo ya mivuo, yale ya kupulizia moto, na mabonge meusi yana vitobo vitobo, mazito. Jamaa wa masters akaanza kueleza kwamba haya ni mavi ya chuma, yaani uchafu unaobaki watu wakiyeyusha mawe kupata chuma, na kwamba Kagera huko wahunzi walikuwa kazini zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mjomba kamuacha amalize. Halafu akachukua bonge moja akalipima mkononi, akanigeukia mimi, "Hivi haya si ndiyo yanayotuvunjia majembe kwenye shamba la babu yako?" Ile mishemishe iliyofuata! Jamaa katoa daftari, shamba liko wapi, upande gani wa mto, yako mengi au machache, kuna mabomba kama haya, mjomba naye anajibu kwa pozi kabisa kakaa kwenye kiti cha jamaa. Ndipo akasema nyie mmezoea kuuliza, mimi nikiwa mdogo walikuja vijana wa chuo hiki kumuuliza babu yangu habari za vita vya Majimaji. Mimi nikajua anaongeza chumvi. Ila jamaa akasema inawezekana kabisa, mwaka 1968 idara ya historia iliwatuma wanafunzi huko kusini kuchukua simulizi kwa wazee waliokuwa bado hai. Mjomba akanitazama kama ananiambia umesikia?

Halafu tukafika kwa chura.

Meza ya zoolojia ilikuwa na picha kubwa ya chura wa njano amekaa kwenye jani, na dada mmoja mpole anaeleza. Chura wa Kihansi. Mjomba kusikia Kihansi akasimama wima. Lile bwawa la umeme la huko kalifanyia kazi yeye, kibarua wa saruji miaka ya tisini, na kwao si mbali. Dada akaanza: huyu aligunduliwa 1996 kwenye korongo la Kihansi, duniani kote haonekani porini pengine, anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko, mkubwa wake hafiki sentimita 3, hatagi mayai kama vyura wengine, anazaa vitoto kabisa. Umeme ulipoanza kuzalishwa, ile megawati 180, maji mengi yakahamishiwa kwenye mitambo, korongo likakauka, halafu ukaja na ugonjwa wa kuvu. Karibu 500 walikuwa wameshapelekwa Marekani mwaka 2000 wakazalishwe huko. 2009 ikatangazwa porini ameisha. 2010 wakarudishwa 100 kwa ndege, wakaja kuwekwa hapa hapa chuoni, na kuanzia 2012 wakawa wanarudishwa korongoni.

"Hapa hapa wapi?" mjomba akauliza. Dada akaelekeza kidole upande wa idara yao, akasema kuna chumba chao, maji yao yanachujwa, wadudu wao wa kula wanafugwa, na kiyoyozi kinawaka muda wote kwa sababu korongoni kwao ni baridi.

Mjomba akanyamaza kidogo. "Chura ana kiyoyozi. Mkaza mjomba wako hata feni hana."

Watu waliokuwa pale walicheka, mimi nikatamani ardhi ipasuke, ila dada wala hakukasirika, akasema kweli mzee, wengi wanatuambia hivyo. Mjomba akaomba kumuona huyo chura, akaambiwa haingiwi ovyo, viatu tu vinaweza kuwaletea ugonjwa. Nilidhani atanuna. Badala yake akaanza kusimulia yeye. Kwamba kabla ya bwawa ukikaribia pale ulikuwa unalowa ungali mbali, shati linashika mgongoni, na kuongea lazima upige kelele. Na kwamba baada ya bwawa kuanza aliwaona watu wanapandisha mabomba juu ya mawe wanafunga vinyunyizio, na kijijini wakasema hawa jamaa wamechanganyikiwa, wanamwagilia maporomoko! Dada akaacha kucheka akawasha simu arekodi. Yeye vile vinyunyizio anavijua, kavifanyia kazi, ila maporomoko yenyewe yakiwa na maji yake yote hakuwahi kuyaona, alikuwa hajazaliwa au yuko mgongoni kwa mama yake. Akamuuliza yale majani yalikuwa yanafika mpaka wapi, ukungu ulikuwa unapungua kiangazi au vilevile, mjomba anachora kwa kidole juu ya meza. Wanafunzi wa sekondari wamejazana nyuma yetu na mimi ndiye natakiwa kuwapanga foleni, nimesahau kabisa.

Jioni nikampeleka kituoni na kiroba chake, alikuwa amenipa nusu ya mchele kwenye mfuko. Gari limejaa, kapanda kasimama mlangoni, na bado anaongea, anamwambia konda unajua chuoni humo kuna chura amepanda ndege mpaka Marekani na kurudi? Konda akamwambia mzee sogea nyuma, na hicho kiroba utakilipia.